Keisi ya kimya iliyopiga kelele: kisa cha kompyuta ya studio ndogo Dar es Salaam

Majina, mtaa na duka vimeondolewa. Joto lilisomwa kwa programu ya HWiNFO baada ya nusu saa ya kazi nzito. Sauti ilipimwa kwa simu moja, ikiwekwa kila mara pale pale inaposimama maiki. Simu si mita ya sauti, kwa hiyo desibeli zilizomo humu ni za kulinganisha hali moja na nyingine tu.

Usuli

Studio ni chumba cha mita 3 kwa 3.5 kwenye nyumba ya kupanga, si mbali na bahari. Asubuhi mwenye studio anarekodi matangazo na vitabu vya sauti. Mchana na usiku anahariri video. Kuta zimepigwa sponji na mapazia mazito, dirisha limezibwa, mlango umewekewa raba. Kiyoyozi kipo, ila maiki ikifunguliwa kinazimwa, kwa sababu mvumo wake unaingia kwenye rekodi. Watu wawili wakiwa ndani na kompyuta inafanya kazi, chumba kilichoanza na nyuzi 25 kinafika 31 kabla saa haijaisha.

Kompyuta iliunganishwa na fundi kwa oda. Ilikuwa na prosesa ya Ryzen 9 5900X, ambayo kwenye boksi imeandikwa wati 105 lakini kazi ikizidi inaruhusiwa kuvuta hadi 142. Kadi ya grafiki ilikuwa RTX 3060 ya wati 170. Kulikuwa na SSD mbili (diski zisizo na kitu kinachozunguka), diski ngumu moja ya inchi 3.5 inayozunguka mara 7,200 kwa dakika, pawa saplai ya wati 650, na kipoozaji cha hewa chenye minara miwili na feni mbili, kimo milimita 155. (Mitaani sanduku zima huitwa "CPU". Humu prosesa ni chipu na keisi ni sanduku, tusije tukachanganyana.)

Keisi ya kwanza na kwa nini ilichaguliwa

Sharti la mteja lilikuwa moja tu: isisikike. Fundi akachagua keisi ya aina inayouzwa kwa jina la "kimya": nzito, kilo 11 na ushei ikiwa tupu, mbavu za chuma zimebandikwa sponji nyeusi kwa ndani, na mbele mlango mzima usio na tundu hata moja. Hewa inaingia kwa nyufa mbili za pembeni mwa mlango. Ilikuja na feni tatu za milimita 140, mbili mbele na moja nyuma, zote za waya tatu.

Hoja yake haikuwa ya kipuuzi. Sponji kweli inameza sauti nyembamba, zile za miluzi na mikwaruzo, na mlango uliofungwa unazuia sauti isitoke moja kwa moja kumfuata mtu. Kwenye chumba chenye nyuzi 21 mwaka mzima, keisi ya namna hii inafanya kazi yake vizuri. Dukani ilijaribiwa ikiwa imewashwa bila kazi yoyote, kiyoyozi kikiwa kimefunguliwa, na kweli haikusikika.

Mambo yalivyokwenda

Siku za kwanza feni za keisi zilizunguka kwa kasi yote muda wote. Hilo lilikuwa kosa dogo: tundu la feni kwenye bodi kuu lilikuwa limewekwa hali ya PWM, inayotuma amri ya kasi kwa waya wa nne, na ambayo inaelewana na feni za waya nne. Feni ya waya tatu haina waya wa kupokea amri hiyo, hivyo inapata volti 12 kamili na kukimbia. Fundi akaingia BIOS (mipangilio ya msingi ya bodi kuu), akabadilisha kuwa DC, inayoongoza feni kwa volti; volti zikaanza kupanda na kushuka kufuata joto, feni zikatulia.

Juma la pili malalamiko yalirudi, safari hii ya kweli. Kazi ya usiku na kiyoyozi haikuwa na shida. Asubuhi, kiyoyozi kikizimwa, kwenye rekodi kulisikika kitu kama mtu anayevuta pumzi: mvumo unapanda, unashuka, unapanda tena. Mteja alimpigia fundi akamuuliza, "Fundi, mbona hii ya kimya ndiyo inapiga kelele kuliko ile niliyoitupa?"

Vipimo chumba kikiwa nyuzi 31 na video ikirenda (kompyuta ikitengeneza faili la mwisho la video): prosesa 89, kadi ya grafiki 81, feni za kipoozaji zaidi ya mizunguko 1,500, simu inaonyesha desibeli 44. Kikomo cha prosesa hii ni nyuzi 90. Ikifika hapo inapunguza kasi yenyewe ili isiungue. Kwa hiyo mteja alikuwa analipia prosesa kubwa, anaitumia ikiwa imefungwa breki, na bado anasikia feni.

Jaribio la kwanza la fundi lilikuwa kununua feni nyingine za bei kubwa, zinazosifiwa kwa utulivu, na kuzifunga palepale nyuma ya mlango. Joto likashuka nyuzi mbili, na sauti haikubadilika kiasi cha kusikika. Jaribio la pili: kuongeza feni mbili juu ya keisi zitoe hewa moto. Prosesa ikashuka nyuzi mbili nyingine, kadi ya grafiki ikabaki pale pale, na simu ikapanda desibeli tatu. Feni ya juu iliyo karibu na uso wa keisi ilikuwa inanyakua ile hewa baridi kidogo inayoingia na kuitupa nje kabla haijafika kwenye kipoozaji. Isitoshe, keisi sasa ilikuwa inatoa hewa kuliko inavyoingiza, kwa hiyo ikaanza kuvuta vumbi kupitia kila upenyo usio na chujio, hasa nyuma kwenye nafasi za kadi. Feni hizo ziliondolewa baada ya siku nne.

Jaribio la tatu halikugharimu kitu, na lingefaa kuwa la kwanza. Mlango wa mbele ulitolewa, kompyuta ikaachwa irende dakika 30. Prosesa ikashuka kutoka 89 hadi 81, kadi kutoka 81 hadi 73. Chujio la vumbi nalo lilipotolewa, prosesa ikapungua nyuzi mbili na kadi moja tu. Mwizi wa hewa akajulikana. La kushangaza zaidi, simu ilisoma desibeli 40. Keisi iliyo wazi ilikuwa kimya kuliko iliyofungwa, kwa sababu feni hazikuhitaji tena kukimbia.

Rula na hesabu

Baada ya hapo fundi alichukua rula. Kila ufa wa mlango ulikuwa na upana wa sentimita 1 na urefu wa 40, jumla sentimita za mraba 80 kwa nyufa zote mbili. Feni moja ya milimita 140, ukitoa kitovu chake, inafagia eneo la sentimita za mraba 138 hivi. Mbili ni karibu 275. Kwa hiyo feni mbili zilikuwa zinapumua kupitia tundu lisilofika theluthi ya ukubwa wake. Feni ya gharama haipanui ufa. Ndiyo maana kubadili feni hakukusaidia.

Kiasi cha hewa kinachohitajika nacho kinapigiwa hesabu. Kwa hewa ya joto la pwani, zidisha wati kwa 3.1, gawanya kwa nyuzi unazoruhusu hewa ipande ikipita ndani ya keisi. Jibu ni mita za ujazo kwa saa. Mashine hii ikifanya kazi kwa nguvu zote inatoa joto la wati 330 hivi. Ukiruhusu hewa ipande nyuzi 10, unahitaji mita za ujazo 102 kwa saa. Chumba kikiwa 31, hewa inaingia ikiwa 31 na kutoka ikiwa 41, na vipoozaji vinapata hewa iliyo kati ya hizo mbili. Namba iliyoandikwa kwenye boksi la feni imepimwa feni ikiwa wazi, bila mlango, chujio wala nyaya mbele yake. Usiipige hesabu kana kwamba utaipata yote.

Sheria nyingine mbili za feni ndizo zilizoamua keisi ya pili. Hewa inafuata kasi: nusu ya kasi, nusu ya hewa. Kelele haifuati hivyo, inaanguka kwa ghafla zaidi. Feni ikishuka kutoka mizunguko 1,500 hadi 750, sauti inapungua karibu desibeli 15. Wakati huohuo, kuweka feni ya pili inayofanana kunaongeza desibeli 3 tu. Feni mbili zikienda nusu kasi zinapitisha hewa ileile ya feni moja inayokimbia, kwa upungufu wa desibeli 12. Ukimya unaonunuliwa kwa njia hii ni mwingi kuliko unaoletwa na sponji yoyote iliyobandikwa ubavuni, na sharti lake ni njia pana ya hewa.

Uamuzi wa pili

Njia tatu ziliwekwa mezani.

Ya kwanza, kuitoa kompyuta nje ya chumba na kupitisha nyaya ukutani. Kwa studio hili ndilo jibu safi kuliko yote. Lilikataliwa kwa sababu ukuta ni wa mwenye nyumba, na ukumbi wa nje unapitwa na kila mtu. Urefu wa nyaya nao ni kikwazo: USB 2.0 inaishia mita 5, na zile za kasi zaidi huanza kusumbua mapema kuliko hapo.

Ya pili, kipoozaji cha maji. Joto linabaki ndani ya chumba kilekile, pampu inavuma muda wote hata kompyuta ikiwa haina kazi, na ikifa studio inasimama hadi nyingine ifike. Feni ya milimita 120 ikifa, mtu anakwenda Kariakoo na kurudi.

Ya tatu ikachukuliwa: keisi yenye uso wa wavu, feni kubwa chache zinazokwenda polepole.

Masharti yaliandikwa kabla ya kutafuta. Uso wa mbele uwe wavu mtupu, bila kioo wala plastiki mbele yake. Nafasi ya feni tatu za milimita 140 mbele. Kimo cha kipoozaji kinachoruhusiwa kisipungue milimita 165. Kilichopo ni 155, na milimita 10 za ziada zinaacha nafasi ya kubadili siku moja. Chujio livutwe kwa mbele bila kuhamisha keisi, maana chujio linalohitaji kuinua mashine halisafishwi. Pawa saplai ivute hewa yake kwa chini, ikiwa na chujio lake. Mbavu zote mbili ziwe chuma: kioo kinapendeza, lakini studioni hakuna anayekiangalia.

Keisi iliyopatikana ilikuwa na wavu wa sentimita 35 kwa 18, sawa na sentimita za mraba 630. Tukisema nusu yake ni matundu, zinabaki 315 za hewa dhidi ya zile 80 za nyufa. Ilitoka Dubai, na hapa gharama ya usafiri ilitaka kumshinda mteja. Keisi ni hewa iliyofungwa kwenye boksi. Boksi la sentimita 55 kwa 30 kwa 54 lenye kilo 10 halilipiwi kilo 10 kwa ndege: wakala anazidisha vipimo na kugawanya kwa 6,000, inakuja karibu kilo 15. Wengine wanagawanya kwa 5,000, inakuwa karibu 18. Ulizeni kigawanyo kabla ya kulipa. Mzigo uliunganishwa na wa watu wengine ukaja kwa meli, kwa ujazo.

Kufunga na kurekebisha

Feni tatu za milimita 140 za waya nne zilifungwa mbele zikiingiza, moja nyuma ikitoa. Juu hakukuwekwa feni; matundu yake yalifunikwa kwa kifuniko kilichokuja na keisi. Kuingiza kukizidi kutoa, vumbi linapita kwenye chujio badala ya kutafuta nyufa.

Kisha BIOS. Prosesa iliwekwa hali ya Eco ya wati 65, ambayo kwa kizazi hiki inashusha kikomo cha kuvuta umeme kutoka wati 142 hadi 88. Kadi ya grafiki iliwekewa kikomo cha asilimia 80, yaani wati 136. Joto lote likashuka hadi kama wati 240, na hitaji la hewa kutoka mita za ujazo 102 hadi 74. Kazi iliyokuwa ikirenda kwa dakika 20 sasa inachukua 23. Mteja alikubali bila kusita.

Lile la feni "kuvuta pumzi" lilitaka dawa yake yenyewe. Prosesa za Ryzen zinaruka nyuzi 10 au 15 kwa sekunde moja mtu akifungua faili tu, na feni ikifuata kila mruko ndipo unasikia panda shuka. Sikio linazoea mvumo ulionyooka. Unaobadilika halizoei, na kuusafisha kwenye rekodi ni kazi ngumu zaidi. Kwa hiyo chini ya nyuzi 60 feni zote ziliwekwa mizunguko 650 bila kubadilika, kutoka 60 hadi 75 zipande taratibu hadi 900, na kufika 1,200 kwenye 85. Kusubiri kabla ya kupanda sekunde 5, kabla ya kushuka 15. Feni za mbele zilifungwa na programu ya bure ya Fan Control zifuate prosesa au kadi ya grafiki, yoyote iliyo moto zaidi. BIOS peke yake haisomi joto la kadi.

Mwisho, mahali. Keisi ya kwanza ilikuwa ndani ya kabati la meza, ikivuta hewa yake yenyewe iliyokwisha kutoka. Hii mpya ilipandishwa kwenye kistuli cha mbao sentimita 10 juu ya sakafu, sentimita 15 kutoka ukutani, nyuma ya maiki. Maiki ya studio hii inasikia mbele na inaziba nyuma, na upande ulioziba ndio ulioelekezwa kwenye kompyuta. Hilo halikugharimu senti moja.

Matokeo

Chumba nyuzi 31, kiyoyozi kimezimwa, video inarenda: prosesa 74, kadi 68, feni za mbele mizunguko 800 na kitu, simu desibeli 35. Chumba chenyewe, kompyuta ikiwa imezimwa, husoma 32.

Halafu kikatokea kitu ambacho hakuna aliyekitarajia. Kelele za feni zilipoondoka, ukabaki mvumo mzito, wa chini, usiobadilika. Mteja alidhani ni umeme. Fundi akarekodi nusu dakika ya ukimya, akafungua picha ya masafa kwenye programu ya sauti ya Audacity, akakuta kilele kimoja kwenye hertzi 120. Umeme wa Tanzania ni wa hertzi 50, na mvumo wake hujitokeza kwenye 50 na 100. Mia na ishirini hauwezi kuwa wa umeme. Gawa 7,200 kwa 60: ilikuwa diski ngumu ikitikisa ubavu wa keisi kama ngozi ya ngoma. Ilikuwapo tangu mwanzo, imefunikwa na feni. Raba za kufungia zilipunguza mvumo lakini hazikuumaliza, hivyo diski ilihamishiwa kwenye kisanduku cha nje, inachomekwa usiku kwa ajili ya nakala za akiba tu.

Kilichofaa na kilichoshindikana

Kosa kubwa halikuwa la keisi. Lilikuwa swali ambalo halikuulizwa siku ya oda: maiki ikiwa wazi, kompyuta inafanya nini, na chumba kina nyuzi ngapi? Ikaja kujulikana kwamba mteja alikuwa akipanga video zirende wakati wa kurekodi ili kuokoa muda. Kuzihamishia usiku kungeondoa sehemu kubwa ya tatizo kwa bei ya bure. Sasa zinahamishwa kila inapowezekana, na asubuhi feni hazitoki kwenye 650.

Kosa la pili ni kununua kabla ya kupima. Feni za kwanza zilikula karibu nusu ya bei ya keisi mpya. Jaribio la kutoa mlango linachukua nusu saa: joto likishuka nyuzi 5 au zaidi, tatizo ni njia ya hewa, lisiposhuka, angalia pesti inayopakwa kati ya prosesa na kipoozaji, mkao wa kipoozaji, au kikomo cha wati. Hapa zilishuka 8.

Wavu nao una gharama zake. Mlio mwembamba wa kadi ya grafiki, ambao sponji ya keisi ya kwanza ilikuwa inaumeza, sasa unasikika ukikaribia. Umbali wa mita moja na nusu na mgongo wa maiki ndivyo vinavyouokoa. Vumbi linaingia zaidi. Chujio lililoachwa wiki tano bila kusafishwa lilipandisha prosesa nyuzi 4, kwa hiyo sasa linaoshwa kwa maji kila baada ya wiki mbili na kurudishwa likiwa limekauka kabisa. Skrubu za nyuma zisizopakwa rangi zimeanza kutu kwa chumvi ya bahari.

Miezi minne baadaye kelele zilirudi asubuhi moja, msomaji akiwa mbele ya maiki. BIOS ilikuwa imesasishwa usiku wake, na hali ya Eco na mipangilio ya feni ya kipoozaji vyote vilifutika. Kurudisha kulichukua dakika kumi, kikao kikaahirishwa saa nzima. Picha za kurasa tatu za mipangilio zimechapishwa na kubandikwa ndani ya ubavu wa keisi, pale ambapo kwenye ile ya kwanza palikuwa na sponji.